Ardhi ya Keya Ina Ushahidi, Tusiupore

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea darasani sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati, iliyotengenezwa mwaka wa 1912. Aliipata akiwa na mjomba wake viungani mwa Kibera, kwa kutumia mashine ya kutafutia metali ardhini ambayo mjomba huyo alirejea nayo kutoka ng'ambo. Mashine hiyo ni jamaa ya kile kifaa ambacho walinzi hutupitishia mwilini kila tuingiapo katika majengo ya katikati ya jiji la Nairobi. Tofauti ni kwamba hii huelekezwa chini, nayo ikilia, mwenyewe huanza kuchimba.

Darasa zima lilifurahi. Niliwaeleza kwamba enzi hizo senti mia zilifanya rupia, kwani shilingi ilianza kutumika hapa mwaka wa 1921. Niliwakumbusha pia kwamba neno hela lilitokana na sarafu ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Kisha nikamwuliza kijana: Uliipata mahali gani hasa? Ilikuwa kina kipi? Kando yake palikuwa na nini? Hakujua. Alikumbuka tu kwamba palikuwa na vifungo viwili vya shaba na kibamba chenye nambari, ambavyo mjomba aliviona takataka, akavitia katika gunia la vyuma vikuukuu. Furaha yangu ilikauka pale pale.

Sina nia ya kumlaumu kijana huyo. Hata hivyo, kisa chake kimenifanya nitafakari jambo ambalo walimu na wanafunzi wa historia hawana budi kulijadili. Viunga vya magharibi mwa Nairobi si mahali pa kawaida. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, na mwaka wa 1918 zaidi ya ekari 4,000 zilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Kabla ya hapo, Kapteni Lugard alijenga ngome Dagoretti mwaka wa 1890, na ilipoangamia, nyingine iliyoitwa Fort Smith ikajengwa karibu na Kabete mwaka wa 1891. Katika barabara ya Ngong yamo makaburi ya vita yenye mamia ya wanajeshi waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili, kila mmoja na jiwe lake.

Lakini wako wapi wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza? Mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na katika barabara ya Kenyatta yuko mpagazi mmoja wa shaba miongoni mwa zile sanamu tatu za ukumbusho. Majina yao hayapo. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wapagazi hao walivishwa vibamba vya metali vyenye nambari. Sasa msomaji ataelewa kwa nini gunia la mjomba lilinikosesha usingizi. Huenda kile kibamba kilikuwa cha mpagazi, huenda kilikuwa cha askari, na huenda hakikuwa cha yeyote kati yao. Hatutajua kamwe.

Kitu cha kale hutoa ushahidi kikiwa mahali pake, pamoja na jirani zake ardhini. Mwaka wa 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu kadhaa, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Sarafu za Waswahili zilifikaje huko? Kwa kuwa ziliokotwa tu bila kuchunguzwa zilipolala, wataalamu wanabishana hadi leo.

Wapo watakaoniambia kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inakataza kuchimba ili kutafuta vitu vya kale bila leseni, nayo inampa aliyegundua kitu chenye thamani ya kiakiolojia siku saba kuyaarifu Makavazi. La kusikitisha ni kwamba sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Kwa hivyo kifungo cha mtumishi wa Lugard kule Dagoretti kinalindwa, ilhali kifungo cha Keya, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902, hakimo. Mzungu wa kwanza kupiga kambi amepata ngao, na Mwafrika aliyefia vita visivyo vyake ameachiwa mizani ya muuza vyuma!

Ufa huu unazibika bila kungoja Bunge. Sheria inampa waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mahali fulani, au aina fulani ya vitu, vinalindwa. Namsihi autumie uwezo huo kwa mabaki ya Keya na ya wapagazi, kabla majengo mapya hayajaifunika ardhi yote.

Sisemi mashine hizi zipigwe marufuku. Huko Uingereza maelfu ya watu huzitumia, lakini tangu mwaka wa 1997 upo mpango wa kusajili wanachokipata, na zaidi ya vitu milioni moja vimeandikishwa. Makavazi yetu yanaweza kuanzisha daftari kama hilo, na shule zikawa wakala wake.

Aidha, kuna hatari ya maisha. Mashine hulia vivyo hivyo kwa senti na kwa bomu. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu 228 pauni milioni 4.5 kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya kijeshi na kuwalipukia watu. Mwanafunzi asithubutu kuchokora chuma asichokijua. Akiache, arudi nyuma, awaite polisi.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Tumwambie mtoto kwamba akiona kitu cha kale aandike mahali, tarehe na vilivyokuwa kando, apige picha, asichimbe, kisha atoe habari. Mwanafunzi wangu ameirejesha ile senti kumi kwangu, nami nitaipeleka Makavazi pamoja na yale machache anayoyakumbuka. Kuhusu kile kibamba sina la kupeleka. Mwacha asili ni mtumwa, nasi tumeiuza asili yetu kwa kilo.