Udhuru wa Mchukuzi

Siku hizi umezuka udhuru mmoja usikikao shambani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa watu watokapo katika ibada. Mtu ametuma kwa simu yake maneno ya kulichafua kabila jingine au watu wa dini nyingine, naye akiulizwa, hujibu, "Maneno si yangu. Mimi nimeyapeleka tu kama nilivyoletewa." Akiisha kusema hivyo hudhani amejitakasa. Mimi nasema kwamba udhuru huu ni wa uongo, tena ni wa hatari, wala Mkristo haimpasi kuutumia.

Najua ya kuwa wako wasemao, "Kosa ni la chombo. Serikali na izifunge simu, tupumzike." Lakini simu ile ile ndiyo imwitayo mkunga usiku, na redio ile ile ndiyo itangazayo njaa na maradhi ili watu wasaidiwe. Chombo hakichagui mzigo. Achaguaye ni mtu. Basi tuseme na mtu.

Na tuwatazame jirani zetu wa Rwanda, maana huko jambo hili halikuachwa kuwa uvumi, bali lilipimwa mbele ya mahakama. Mwaka 1990 lilianza gazeti liitwalo Kangura, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo likachapisha amri kumi za kuwafundisha Wahutu wasioe kwa Watutsi, wasifanye nao biashara, wala wasiwahurumie. Lakini gazeti lahitaji msomaji. Mwezi wa Julai 1993 ikaanza redio iitwayo RTLM, nayo haikuhitaji mtu ajuaye kusoma. Ilipiga muziki, ilifanya mzaha, ilizungumza kama vijana wazungumzavyo barazani, na kwa hiyo ilipendwa. Na katikati ya muziki na mzaha iliwaita Watutsi inyenzi, maana yake mende. Mtu akiisha kuzoea kumwita jirani yake mende, mkono wake hautetemeki tena.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mauaji yakaanza. Ndipo redio ile ikataja watu kwa majina na mahali walipo, ikiwaita wasaidizi wa adui, nao wakatafutwa. Kwa muda wa siku mia hivi walikufa watu wapatao 800,000, na wako wahesabuo zaidi.

Wala tusidhani ya kuwa waanzilishi wake walikuwa wajinga. Ferdinand Nahimana alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria. Sisi walimu na tuliangalie jambo hili, tukakome kusema kwamba elimu peke yake huondoa chuki. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu hao wawili, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Mwaka 2007, katika rufani, baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa. Walakini hakuna aliyeachwa huru. Na mtangazaji mmoja, Georges Ruggiu, Mbelgiji, ambaye hakuwa Mhutu wala Mtutsi, alikiri makosa yake mwaka 2000 akafungwa miaka 12.

Hayo ni ya wasemaji. Lakini redio haina mikono, wala haikushika panga. Kati ya redio na panga alisimama mtu: alisikia, akaamini, akamwambia jirani, naye jirani akamwambia mwingine. Mahakama ya Arusha haikuweza kumwita kila mtu wa namna hii, kwa maana ni wengi mno. Na jambo la kutuhuzunisha kuliko yote ni hili, kwamba sehemu kubwa ya watu wa nchi ile walikuwa wamebatizwa, wauaji na wauawa pia. Huko Ntarama na Nyamata watu walikimbilia kanisani, wakauawa humo humo. Ubatizo ulikuwa umegusa paji la uso. Masikio yalikuwa yamekodishwa kwa mwingine.

Na sisi, je? RTLM ilihitaji mlingoti na watangazaji. Leo kila mwenye simu ni mtangazaji. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa kuchochea kabila juu ya kabila ulizunguka katika simu. Na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo. Huko India, mwaka 2018, ulienea kwa WhatsApp uvumi wa watu waibao watoto, na makundi yakawapiga wageni wasio na hatia hata kufa. Mwezi wa Julai mwaka ule kampuni ya WhatsApp ilianza kuzuia huko mtu asipeleke ujumbe alioletewa kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Tafakari, msomaji: mkono waliouzuia si wa mtungaji, bali ni wa mchukuzi. Hata wenye chombo wametambua ni nani auenezaye moto.

Labda mtu atauliza, "Na kama habari ni kweli? Je, si upendo kuwaonya watu wangu?" Nami namjibu: habari ya kweli humtaja mtenda, na tendo, na ushahidi, nayo hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, ambao waweza kuchunguza. Habari ya chuki hutaja kabila zima, nayo hupelekwa kwa kila mtu isipokuwa yeye awezaye kuichunguza. Kwa alama hii utazitambua. Ukiona ya kuwa ujumbe wataka uogope watu wote wa nyumba fulani, wazee na watoto wao, wala hauonyeshi aliyeona wala siku wala mahali, huo si onyo. Huo ni kuni.

Wazee wetu walisema kwamba ulimi unauma kuliko meno. Ulimi wa siku hizi umehamia kidoleni. Kwa hiyo yatupasa kukichunga kidole kama tulivyofundishwa kuuchunga ulimi. Mtungaji wa uongo yuko mbali, wala huwezi kumnyamazisha. Lakini neno lake haliwezi kufika kwa jirani yako kwa mkono wako, ila kwa ridhaa yako. Basi likifika kwako, na life kwako. Na ndugu yako akileta udhuru wa mchukuzi, usicheke naye. Mwambie kwa upole ya kuwa achukuaye kijinga cha moto mpaka darini pa mtu hawezi kusema kwamba hakukiwasha yeye.