Jibu la Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii twaijua sote, na mara nyingi twaitumia kumsuta mtu anayejivunia kitu kisicho chake. Leo nataka kuitumia juu ya jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni la kuazima, nalo ni jibu la mtihani wa fasihi. Nasema kwamba mwanafunzi anayelinunua jibu kwa mwalimu wa masomo ya ziada, akalikariri na kulipeleka katika chumba cha mtihani, amevaa nguo ya mtu mwingine. Nasema tena kwamba mwalimu aliyemuuzia amemdhuru, hata kama alimuuzia kwa nia njema. Wala sijitoi katika lawama hii, kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kuwa muuzaji.

Mwaka 2015 nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu kutoka chuo cha ualimu. Likizo ya Aprili ilipofika nilikodi chumba karibu na soko, nikapanga viti, nikafundisha fasihi kwa malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuyakataza masomo ya likizo, nami nilijua hivyo. Lakini wazazi waliyataka, wanafunzi waliyataka, na mfuko wangu haukuyakataa. Njia yangu ya kufundisha ilikuwa nyepesi. Niliandika swali ubaoni, nikasoma jibu polepole, nao wakaandika. Chumba kilikuwa kimya, kalamu zikikwaruza karatasi, nami nikadhani kwamba ukimya ule ndio elimu.

Riwaya iliyotahiniwa miaka ile ilikuwa Kidagaa Kimemwozea, kazi ya marehemu Ken Walibora. Ndani yake yumo Mwalimu Majisifu, mtu mwenye sifa ya uandishi, ambaye aliuchukua mswada wa kijana Amani akautoa kwa jina lake mwenyewe. Siku moja nilipokuwa nikisoma jibu juu ya mkasa huo, ulimi uliteleza, nikasema kwamba mswada ulikuwa wa Imani. Amani na Imani ni majina yanayokaribiana kwa sauti, lakini katika kitabu mmoja ni mvulana na mwingine ni msichana, na aliyeisoma sura moja tu hawezi kuwachanganya. Hakuna mkono ulioinuka. Kalamu ziliendelea kukwaruza.

Muhula ulipofunguliwa nililipa darasa langu shuleni zoezi juu ya tabia za Majisifu. Wanafunzi walikuwa 34. Nilikaa usiku kusahihisha, na katika daftari la kwanza nikakuta Imani ametajwa kuwa mwenye mswada. Nikaweka alama ya kosa. Daftari la pili, Imani. La tatu, Imani. Nilipofika la kumi nilianza kutafuta chanzo, nikakumbuka chumba kile karibu na soko. Madaftari 31 yalikuwa na kosa lile moja, yakilieleza kwa maneno yale yale na kwa mpangilio ule ule. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamenilipa, na wengine waliyanakili maandishi ya walionilipa.

Watatu waliandika Amani. Wawili kati yao walikuwa wapenzi wa vitabu tangu kidato cha kwanza. Wa tatu alikuwa msichana ambaye hakuhudhuria masomo yangu, kwa kuwa mama yake aliuza mboga na hakuwa na fedha za kunipa. Likizo ile aliazima kitabu kwa binamu yake, akakisoma mara mbili huku akingoja wanunuzi pamoja na mama yake. Ebu pima mwenyewe, msomaji. Yeye aliazima kitabu, jibu likawa lake. Wenzake walikuwa na vitabu vyao, jibu wakaliazima.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa nikakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Nilitazamia wacheke, au wakasirike. Kijana mmoja mpole aliinua mkono akauliza, "Basi mwalimu, jibu sahihi ni lipi, tuliandike?" Swali lile liliniuma kuliko kosa lenyewe. Kitabu kilikuwa juu ya dawati lake, safi kama kilivyotoka dukani, naye hakukiona kuwa mahali pa kutafutia jibu. Nani alimfunza hivyo? Nilikuwa mmoja wa waliomfunza. Tena fikiri jinsi tulivyokuwa: watu 31 walikuwa wamelaani kwa wino mtu aliyechukua maneno ya mwenziwe akayafanya yake, na laana yenyewe wameichukua kwa mwenziwao wakaifanya yao.

Sasa na tuutazame mtihani wenyewe, maana wapo wanaodhani kwamba jibu la kukariri, hata likiwa baya kwa akili, ni zuri kwa alama. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hufanywa kwa muda wa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali manne, kila moja alama 20, nazo jumla ni alama 80. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu mengine huyachagua mwenyewe, wala haruhusiwi kuchukua mawili katika sehemu moja. Maswali hutoka katika riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi.

Chukua ushairi kwanza. Mtahini huweka shairi ambalo hukufundishwa darasani, akataka ulieleze umbo lake, ujumbe wake na lugha yake. Ni mwalimu gani awezaye kukusomea jibu la shairi ambalo yeye mwenyewe hajaliona? Chukua dondoo. Mtahini huyatoa maneno machache kitabuni, akakutaka ueleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Kitabu kizima kina maneno mangapi ya namna hiyo? Hakuna daftari liwezalo kuyamaliza yote. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu huyatambua maneno hayo kama mtu anavyoitambua sauti ya ndugu yake gizani. Aliyekariri hukisia, na akikosa kumjua msemaji, mengi yanayofuata huharibika pamoja naye.

Tena vitabu hubadilishwa. Baada ya Kidagaa Kimemwozea ilikuja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Miongozo ya jana huishia kufungiwa njugu sokoni, lakini jicho lililojifunza kusoma riwaya moja halitupwi. Huisoma riwaya ya pili kwa urahisi zaidi.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza watasema kwamba muda ni mfupi na masomo ni mengi. Ni kweli, lakini riwaya ya kurasa 200, ikisomwa kurasa 10 kwa siku, humalizika kwa siku 20. Muda wa kukaa katika chumba cha kukodi ukiandika jibu la mtu hupatikana; basi wa kusoma kitabu hukoseaje?

Wa pili watasema kwamba baadhi ya shule zina walimu wachache na madarasa yaliyojaa, na mwanafunzi dhaifu huachwa nyuma. Hili ni kweli zaidi ya lile la kwanza, na mimi sisemi kwamba kutafuta msaada ni aibu. Mgonjwa huenda kwa tabibu. Asiyeelewa na aende kwa anayeelewa. Ninachopinga ni tabibu anayekunywa dawa mwenyewe kisha akamwambia mgonjwa amepona.

Wa tatu watasema kwamba wapo waliokariri wakapata alama nzuri. Sikatai; nimewaona. Walakini baada ya mtihani huja maisha, nayo hayana mwongozo. Mtu mzima huletewa mkataba wa shamba autie sahihi. Husikiliza hotuba ya mtu anayetaka kura yake. Husoma gazeti lenye habari mbili zinazopingana. Fasihi ilikusudiwa kumzoeza kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani? Haya ni maswali yale yale ya dondoo. Aliyefunzwa kungoja kusomewa jibu atageuka huku na huku akiuliza kama yule kijana wangu, "Jibu sahihi ni lipi, tuliandike?" Na watu walio tayari kumpa la kuandika hawatakosekana, wala hawatakuwa wote na nia njema.

Je, msaada ulio wa kweli ni upi? Nitakupa dalili zake, msomaji, nawe uzipime. Msaidizi wa kweli hataki kukuona kabla hujakisoma kitabu. Ukimwambia kwamba Majisifu ni mwenye hila, hukuuliza, "Umeyaona wapi?" nawe hulazimika kufungua ukurasa. Hukupa swali ukaliandikie jibu mwenyewe, kisha husahihisha mbele yako na kukuonyesha mahali ulipodai jambo bila ushahidi. Katika saa moja pamoja naye, wewe husema zaidi kuliko yeye. Na akiulizwa asilolijua haoni haya kusema, "Na tukitazame kitabu." Laiti mimi ningelisema hivyo mwaka ule, wanafunzi wangu wasingaliandika Imani.

Msaada wa namna hii si lazima ununuliwe. Wanafunzi wanne wenye nakala moja ya tamthilia wanaweza kuketi chini ya mti, kila mmoja akachukua wahusika wake, wakaisoma kwa sauti. Wakimaliza wataijua kuliko aliyesoma muhtasari wake mara tano. Wanaweza kutungiana maswali ya dondoo na kushindana kuyajibu. Na kwa fasihi simulizi, yuko mwalimu nyumbani ambaye wengi wenu humpita kila siku bila kumuuliza neno. Nyanya yako anajua ngano, vitendawili na nyimbo za jando au za harusi. Anajua ziliimbwa lini, na nani, na kwa nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Keti chini karibu naye, uandike.

Mimi niliacha kuuza majibu. Bado wanafunzi huja kwangu likizoni, nami siwatozi kitu. Huwauliza tu wamefika ukurasa wa ngapi. Wengine huondoka wamenuna, wakaenda kumtafuta mwenye daftari tayari. Siwalaumu sana, kwa kuwa nimewahi kuwa mwenye daftari hilo, na najua jinsi linavyovutia mtihani unapokaribia.

Lakini wewe unayesoma maneno haya, ukiona huna budi kutafuta msaada, nenda. Nenda na kitabu kilichochakaa kwa kufunguliwa, na swali moja gumu lililokukosesha usingizi. Mwenye kukusaidia akianza kukusomea jibu kabla ya kukuuliza wewe waonaje, mshukuru kwa adabu, chukua kitabu chako, uondoke.