Kirai Kilichogeuzwa Ukoo: Maoni kuhusu Majina ya Walowezi Wafaransa wa Kanada

Wengi wanaotafuta asili ya walowezi Wafaransa waliohamia Kanada katika karne ya 17 na ya 18 huanza na jina la ukoo, wakiamini kuwa litawafikisha kwa babu wa kwanza. Kwa maoni yetu, imani hiyo ina kasoro ya kiisimu: inakisoma kirai kana kwamba ni neno moja.

Mwaka 1665 Mfalme Louis wa 14 alipeleka Quebec kikosi cha Carignan-Salières, chenye askari wapatao 1,200. Takribani 400 kati yao walibaki huko. Askari wa Ufaransa walikuwa na desturi ya kupewa lakabu, kama vile Lafleur, yaani "ua", au Sansoucy, yaani "asiye na wasiwasi". Raia nao walikuwa na lakabu zao, nyingine zikitokana na mahali alikozaliwa mtu. Langevin, kwa mfano, ni mtu wa Anjou. Lakabu iliunganishwa na jina la ukoo kwa neno dit. Ndivyo mlowezi Pierre Hudon alivyojulikana kuwa Hudon dit Beaulieu.

Neno dit lina maana ya "aitwaye". Wapo wanaolifasiri kana kwamba linatanguliza jina la kujifichia. La hasha! Lakabu hizo ziliandikwa waziwazi na mapadri katika daftari za ubatizo na ndoa. Kwa kuwa majina yote mawili yalikuwa halali, baadhi ya wajukuu walishika Hudon na wengine Beaulieu. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 1794 ilimkataza raia kutumia jina lisilokuwemo katika cheti chake cha kuzaliwa. Sheria hiyo haikuihusu Kanada, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1763. Aidha, kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walihama Quebec kwenda Marekani, ambako baadhi ya akina Boisvert waligeuka Greenwood, na akina Roy wakawa King. Hivyo, wazao wa babu mmoja wanaweza kukutana leo wasijuane.

Daftari hizo hizo zina faida ambayo haina budi kutajwa. Mwanamke aliyeolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la kwao. Kwa hiyo nasaba ya mama hufuatika sawa na ya baba.

Hata hivyo, wapo ambao njia ya jina la ukoo haiwafikii kabisa. Mwanahistoria Marcel Trudel, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alionyesha kuwa Kanada ya Wafaransa ilikuwa na watumwa wapatao 4,000, wengi wao wakiwa wenyeji wa bara hilo. Wengi waliandikwa kwa jina la ubatizo tu. Mtafiti anayepanga kumbukumbu zake kwa jina la ukoo pekee huwafuta watu hao mara ya pili.

Jambo hili latuhusu. Fomu zetu nazo hudai "jina la ukoo" kwa mtu aliyezoea kutaja jina lake, la baba na la babu; na katika Rwanda na Burundi watoto wa baba mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Mwanafunzi anayekusanya majina ya aina hiyo na kuyalazimisha katika safu moja atakuwa ameharibu data kabla ya kuichambua.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila jina lihifadhiwe kama lilivyoandikwa, pamoja na tarehe, aina ya hati na cheo cha mwandishi wake, na kwamba majina yote ya mtu mmoja yaunganishwe bila kuchagua moja kuwa "sahihi". Uamuzi kuhusu ukoo uje baadaye, ukitokana na ushahidi wa wazazi, wenzi na mashahidi wa ndoa. Kazi hiyo ni ndefu, lakini bila ya kuifanya hatutakuwa na msingi wa kudai kwamba tunajua nani alizaliwa na nani.