Kisu Kisicho na Mwenyewe

Kisu hushikwa kila siku katika kila nyumba, wala hapana chombo ambacho mtengenezaji wake hajulikani kama kisu kilichofuliwa hapa nchini. Springi kuukuu ya lori huingia motoni Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Hutoka ikiwa kisu cha kupasulia sangara au cha kuchunia ng'ombe. Kisu hicho huuzwa, husafiri, hutumika miaka mingi, na katika maisha yake yote hakisemi ni nani aliyekifua. Kisu cha ng'ambo, hata kikiwa chepesi kama bati, hakikosi jina ubavuni. Basi mnunuzi hujifunza kuheshimu maandishi na kudharau mkono. Wako wanaoitetea hali hii, na hoja zao zastahili kupimwa moja moja.

Ya kwanza ni ya mila. Husemwa kwamba mhunzi wa Kiafrika hakuandika jina lake juu ya chuma, na kwamba alama ni kiburi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Ulaya. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iiangushayo. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyonunuliwa Usukuma kabla ya jembe la kiwandani kuenea. Jembe lile halikuhitaji maandishi, kwa kuwa mnunuzi alilijua umbo lake na aliwajua watu waliolileta. Jina lilikuwapo, ila lilikaa vinywani. Leo kisu hupanda basi asubuhi, na jioni kimo mkononi mwa mtu asiyepata kumwona mhunzi wala jirani wa mhunzi. Kinywa hakifiki huko. Tena anayedai kwamba mila ilikataza alama amelisahau neno nembo, ambalo kabla ya kuchukuliwa na makampuni lilikuwa ni chale ya mwilini iliyomtambulisha mtu na watu wake. Wale waliotia nembo katika ngozi zao wenyewe hawawezi kuambiwa kwamba alama ni jambo geni. Na mfugaji wa Usukuma, ambaye hamchanganyi ng'ombe wake na wa jirani, atashangaa kusikia kwamba kisu chake ndicho kisichofaa kutambulikana.

Hoja ya pili ni ya ugumu wa kazi, nayo ilikuwa na nguvu zamani. Muhuri wa chuma hupigwa kisu kikingali laini. Kikiisha kutiwa matiko, pigo la nyundo laweza kukipasa, au muhuri wenyewe ukavunjika. Lakini umeme umeiondoa taabu hiyo. Mhunzi hupaka ubavu wa kisu rangi ya kucha, akaiacha ikauke, kisha akachora jina kwa sindano mpaka chuma kionekane. Waya wa upande chanya wa betri ya gari, yenye volti 12, hufungwa kwenye kisu. Waya wa upande hasi hufungwa kwenye kipande cha chuma kilichoviringishiwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Taa ya gari ikiunganishwa katikati ya waya mmoja huzuia umeme usipite kwa nguvu za kuunguza. Kitambaa hukandamizwa juu ya jina kwa sekunde chache, kikainuliwa, kikasafishwa, kikarudishwa tena. Pale palipochorwa chuma huyeyuka na kuhama. Palipo na rangi hakiguswi. Umeme uendao upande mmoja huchimba. Ule wa kwenda na kurudi huacha weusi. Kisha kisu huoshwa kwa sabuni na kupakwa mafuta. Hapana nyundo, hapana moto, na matiko hayaharibiki.

Kanuni ya kazi hii aliitoa Michael Faraday katika miaka ya 1833 na 1834: kiasi cha madini yanayoyeyuka hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Ampea moja ikipita dakika moja yaweza kuondoa miligramu 17 hivi za chuma. Hesabu hii hufanywa ubaoni katika shule za sekondari, ikasahihishwa kwa wino mwekundu, ikafutwa. Mwanafunzi aliyeifaulu hupita mbele ya kibanda cha mhunzi akienda kwao, wala hawaulizani neno. Wasomi huulalamikia umbali baina ya elimu na kazi kwa makala ndefu. Betri moja na chumvi ya jikoni vingeupunguza kuliko makala hizo.

Liko jambo baya kuliko ukimya, nalo ni uongo. Ubavu mtupu humwalika mchuuzi kuandika jina la mbali, maana jina la mbali huongeza bei. Na wasikasirike wale wanaodhani kwamba hila hii ni ya maskini peke yao. Wafua visu wa Sheffield, Uingereza, waliundiwa chama chao kwa sheria ya mwaka 1624, na chama hicho kiliandikisha alama za mafundi. Hata hivyo visu vya Ujerumani vilikuja kuuzwa vikiwa na jina la Sheffield, na malalamiko ya namna hiyo yalichangia sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 juu ya alama za bidhaa. Tanganyika nayo ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963. Sheria hiyo humkamata mwongo, lakini haiwezi kumlinda mhunzi ambaye hakuandika kitu.

Pwani mambo haya yalifahamika mapema. Mwanamke anayechagua kanga hutazama pindo apate kuona maneno Mali ya Abdulla, alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Alama hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, na haikumpunguzia mtu heshima wala soko. Kwa nini basi kisu cha Buhongwa, kikipata kuandikwa, kijifanye Mwingereza? KIMEFULIWA BUHONGWA ni herufi 18, nazo hukaa vizuri kwenye ubavu wa kisu cha kawaida, na nafasi ya jina la fundi hubaki.

Inabaki hoja isemwayo kwa sauti ya chini: kwamba jina litamwonyesha mhunzi kwa mtoza kodi, na kwa mnunuzi ambaye kisu chake kimevunjika. Juu ya kodi, kibanda kilicho kando ya barabara kuu hakikufichika kwa sababu visu vyake havina maandishi. Juu ya kisu kilichovunjika, hapo ndipo penye shina la ubishi. Kisu kilichotiwa matiko vibaya hukatika mkononi mwa mama apasuaye samaki, na jeraha ni lake. Asipojua amrudie nani, hasara yote ni yake, na mhunzi mzembe huendelea kuuza kwa bei ileile ya mhunzi mwangalifu. Anayefaidika na ubavu mtupu ni mzembe, na anayemgharimia ni mwenzake mwenye kibanda cha pili, ambaye alikesha akiangalia rangi ya chuma motoni kabla ya kukichovya.