Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Nimeikumbuka methali hii tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10, baadhi yao wakishika mkondo wa sanaa. Mtaala huo unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Je, tunauruhusu uanze kwa lele, au tunautaka uzaliwe ukiwa ngoma kamili?

Hebu tumtazame Halim El-Dabh, Mmisri aliyezaliwa Cairo mnamo 1921 na kusomea uhandisi wa kilimo. Mnamo 1944 aliazima kutoka kituo kimoja cha redio chombo cha kunasia sauti kwa waya wa sumaku. Akaenda nacho kwenye zar, ngoma ya kupunga pepo, akanasa sauti za wanawake waliokuwa wakiimba. Aliporejea studioni alizichuja sauti hizo, akazitia mwangwi na kuzinasa upya, hadi kikabaki kitu ambacho hakikuwa wimbo wala kelele. Miaka 4 baadaye, Mfaransa Pierre Schaeffer, kwa njia yake mwenyewe, alitangaza redioni muziki uliotungwa kwa sauti za magarimoshi. Aghalabu huyu wa pili ndiye aliyeitwa mwanzilishi.

El-Dabh hakukoma. Alihamia Marekani mnamo 1950, akafanya kazi katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Mnamo 1963 alianzisha Orchestra Ethiopia, iliyowakutanisha mjini Addis Ababa wapigaji wa ala za jadi za jamii mbalimbali. Alifariki mwaka 2017. Leo kijana anayekata sauti kwa tarakilishi na kuirudiarudia anapita katika njia iyo hiyo, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Nikiwa mwanaisimu, nayaona haya katika lugha pia. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walikuwapo walioshikilia kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi. Hii leo mashairi huru yanafundishwa shuleni bila mtu kushtuka.

Nami nina la kukiri. Nikiwa shule ya upili niliandika shairi lisilo na vina. Lilirudi limepigwa mstari mwekundu, bila neno. Sikutunga jingine kwa miaka mingi. La kusikitisha zaidi ni kwamba, baada ya kupata uhadhiri, nimejikuta nikipiga mstari uo huo katika kazi za wanafunzi wangu.

Sisemi kwamba kila vurugu ni sanaa. El-Dabh aliijua ngoma ya kwao kabla ya kuigeuza. Kezilahabi naye hakuwa mgeni wa arudhi. Kanuni zifundishwe, tena barabara. Lakini walimu wenzangu, tutenge walau zoezi moja kila muhula ambalo alama zake zitatokana na jaribio lenyewe na maelezo ya mwanafunzi kuhusu alichokusudia. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kanuni ili mjue mnachokivunja.

Tukilinyamazisha lele, tusiulize ngoma imekwenda wapi.