Pochi ya kripto Bukavu: yale maneno 24 haonyeshwi mutu



Tangu M23 iliingia mu muji wetu mwezi wa 2 mwaka wa 2025, mabanki yalifunga milango, na kila mutu anajua yaliyofuata. Mushahara unapitia kwa telefone. Unapanga mulolongo kwa kabine, unaambiwa feza hakuna, ao iko lakini utakatwa sana. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa sokoni. Mwenye nguvu anavuka Ruzizi, anaenda kutosha makuta yake Kamembe. Katika hali hiyo, si ajabu kuona vijana, na wafanyabiashara wenye kuagiza bidhaa Dubai na China, wanaweka sehemu ya akiba yao katika kripto: USDT kwa walio wengi, bitcoin kwa wachache.

Hatuandiki ili kusifu kripto. Hatuandiki pia ili kuikataza. Wazee wetu wanakumbuka Noeli ya mwaka wa 1979, wakati Mobutu aliua noti za zaire 5 na 10, na mutu aliyekuwa nazo mu sanduku akabaki na karatasi. Wanakumbuka Bindo kule Kinshasa, mwaka wa 1991, ile ya kuahidi watu faida kubwa kwa siku chache, na namna iliisha. Mutu ambaye familia yake ilipitia hayo yote, na sasa anakuta banki imefungwa kwa kufuli, hatuwezi kumulaumu kwa kutafuta pahali pengine. Na tena bitcoin si kitu cha Wazungu wa mbali: hapa jirani, Nord-Kivu, hifadhi ya Virunga inaichimba tangu 2020 kwa umeme wa maji ya Luviro.

Lakini kuna jambo moja linatuogopesha, na ndilo tunataka kusema leo. Ni vile vifaa vidogo vinavyofika Bukavu mu mizigo ya wasafiri, na namna watu wanavipanga.

Tuanze na kifaa chenyewe. Watu wengi wanakiita tu Ledger, hata kama ni cha kampuni ingine. Ledger ni ya Ufaransa. Trezor, ambayo ilitangulia kuuzishwa, mwaka wa 2014, inatoka Prague. Kinafanana na fulashi: kiko na kioo kidogo na vifungo viwili, ao kioo cha kugusa. Wengi wanafikiri makuta iko ndani yake. Hapana. Ndani hamuna makuta. Hesabu ya nani ako na nini iko katika daftari moja kubwa inayonakiliwa kwenye makompyuta ya dunia nzima. Kifaa kinatunza funguo ya siri, basi. Ukitaka kutuma, kinatia saini kikiwa peke yake ndani, kisha kinarudisha saini kwa telefone, na funguo haitoki hata siku moja. Kwa hiyo hata telefone yako ikiwa imejaa virusi, mwizi hawezi kutuma kitu kama weye mwenyewe haukufinya kifungo. Faida yake ni hiyo, na ni kubwa. Wale waliokuwa wameacha makuta yao kwa FTX, siku ile ya 11/11/2022 ilipotangaza kufilisika, walijifunza kwamba hesabu unayoiona katika programu ya mutu mwingine ni ahadi tu.

Sasa, ile funguo inatokana na maneno 24 (wakati mwingine 12 ao 20) ambayo kifaa kinakuonyesha siku ya kwanza. Kifaa kikivunjika, kikiibiwa, kikianguka mu Ruzizi, unanunua kingine, unaingiza maneno, kila kitu kinarudi. Ni vizuri sana. Lakini geuza: mutu yeyote mwenye kuona yale maneno, hata mara moja, anaweza kununua kifaa chake, ao kutumia programu ya bure tu, na kuchukua vyote. Haitaji kifaa chako. Haitaji namba yako ya siri. Anaweza kungojea miaka miwili, mpaka akiba yako inenepe, ndipo achukue.

Na hapa ndipo desturi yetu inatuletea hatari. Bukavu tumezoea kusaidiana na telefone. Mama anafika kwa kabine, anatoa telefone: « Mwanangu, unitoshee 20, namba ya siri ni ile ya kawaida. » Anaitaja kwa sauti, watu kumi wanasikia. Mjomba ananunua telefone mpya, anamupa kijana wa avenii amuwekee kila kitu. Hatusemi ni ubaya, ndiyo maisha yetu. Na kwa M-Pesa ao Airtel Money, ukipotea njia, kuko ofisi, kuko laini ya kurudisha, kuko mutu wa kulalamikia hata kama anakuchokesha. Kwa maneno 24 hakuna ofisi. Hakuna namba ya kuita. Hata kampuni iliyotengeneza kifaa haiwezi kukurudishia senti.

Kwa hiyo kijana mwenye kukuambia « nakuuzishia kifaa na nakupangia bure », hata kama ni mutoto wa shangazi yako, hata kama mnasali kanisa moja, mwambie aksanti, nitapanga mwenyewe. Anaweza kuketi mbele yako na kukueleza. Akuelezee mara tatu kama haukuelewa. Lakini wakati maneno yanatokea kwenye kioo, atoke mu chumba. Na kama boksi inafika na karatasi yenye maneno yameandikwa tayari, ao kifaa kiko na namba ya siri tayari, hauna bahati ya kupata kitu kilichopangwa: mwenye kuandika ile karatasi anangojea tu makuta yako iingie.

Plastiki ya boksi isikudanganye. Mwaka wa 2023, wataalamu wa Kaspersky walifungua Trezor moja ambayo mwenyewe alinunua ikionekana mupya kabisa. Ndani walikuta chembe ya kielektroniki imebadilishwa, na maneno iliyotoa yalikuwa yamechaguliwa mbele na mwizi. Bitcoin zake zilienda wakati kifaa kilikuwa kimelala ndani ya sanduku. Kampuni zenyewe hazina duka hapa kwetu, kwa hiyo afadhali kumutuma ndugu aliye Nairobi ao Ubelgiji anunue kwa kampuni yenyewe ao kwa muuzishaji anayetajwa kwenye ukurasa wa kampuni, kuliko kununua kwa mutu ambaye naye haujui alikitosha wapi. Ukikipata, programu ya kampuni inaweza kuuliza kifaa kama ni cha kweli. Fanya hivyo mbele ya yote. Na ile programu yenyewe uitoe kwenye ukurasa wa kampuni, anwani ukiiandika kwa mukono, usifuate kiungo cha WhatsApp. Mwezi wa 11 mwaka wa 2023 programu ya uongo yenye jina la Ledger iliingia mpaka ndani ya duka la Microsoft, na watu walipoteza mamia ya maelfu ya dola.

Siku ya kupanga, chagua wakati ambapo uko peke yako, mchana, bila haraka. Umeme wa SNEL si lazima: kifaa kinakunywa moto wa telefone kupitia kamba. Namba ya siri uchague mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Kisha maneno. Yote ni ya Kiingereza, na yale 24 ao 12 yanatoka katika orodha moja ya maneno 2,048, kuanzia « abandon » mpaka « zoo ». Hapa ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa wanakosea sana: wanaandika vile neno linasikika, ao vile linaandikwa kwa Kifaransa. Nakili herufi kwa herufi, kwa herufi kubwa, na namba ya kila neno. Herufi 4 za kwanza zinatosha kutofautisha neno moja na lingine, kwa hiyo hizo 4 zisome mara mbili. Kalamu na karatasi tu. Hakuna kupiga picha. Hakuna kujitumia kwa WhatsApp « nitafuta kisha ». Hakuna kuandika katika kompyuta ya sibere. Picha ya telefone inapanda yenyewe kwenye intaneti bila kukuuliza, na telefone ya Bukavu, munajua, inaweza kuombwa na kufunguliwa na mutu mwenye bunduki kwenye bariere.

Kisha fanya jaribio ambalo karibu hakuna mutu anafanya. Ingiza dola 5 tu. Futa kifaa kwa makusudi: kwa Ledger unakosea namba ya siri mara 3, kinajifuta. Moyo utagonga, ni sawa. Chukua karatasi yako, ingiza maneno, uone kama zile dola 5 zinarudi. Zikirudi, karatasi yako ni ya kweli, sasa unaweza kuweka akiba. Zisiporudi, umepoteza 5 na si 5,000.

Tunakuja kwa karatasi. Munajua nyumba zetu. Kadutu, Nyamugo, Panzi, mbao inagusana na mbao, na moto ukianza kwa jirani saa nane ya usiku haukuachie hata muda wa kutafuta viatu. Milima yetu inaporomoka mvua ikizidi. Na mwezi wa 2 kila mutu aliona ni nini anaweza kubeba akikimbia. Karatasi moja katika sanduku moja haitoshi. Andika mbili, katika nyumba mbili, mbali kidogo, bahasha ikiwa imefungwa. Mwenye uwezo anunue kibati cha chuma kisichoshika kutu na agonge herufi mwenyewe kwa nyundo. Fundi anaweza kukuazima vyombo, lakini asigonge yeye. Usikate maneno vipande viwili, 12 kwa kaka na 12 kwa dada: nyumba moja ikiungua, vyote vimekwisha.

Kuko mambo ambayo kifaa hakizuii, na wauzishaji hawayasemi. USDT iko na mwenyewe, kampuni ya Tether, na ile kampuni inaweza kufunga anwani yako hata kama funguo iko mu mufuko wako. Kifaa hakizuii pia weye mwenyewe kutuma kwa mudanganyifu: ukifinya kifungo, imeenda, hairudi. Soma anwani kwenye kioo cha kifaa, si kwa telefone, sababu virusi vinaweza kuibadilisha katika telefone. Na kifaa hakizuii kisu. Mwanzo wa 2025, kule Ufaransa, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, David Balland, alitekwa nyumbani pamoja na mke wake, wakamukata kidole ili wenzake walipe. Jandarmeri ya Ufaransa ilimukomboa. Hapa kwetu, ambapo watu wanaingiliwa usiku kwa sababu ya dola 200, nani atakuja? Usioneshe kifaa kwa barza. Usiandike kwa Facebook kwamba umeingia kripto. Majina na anwani za wateja wa Ledger zaidi ya 270,000 zilivuja mwaka wa 2020, na mpaka leo wezi wanawaandikia barua za uongo. Kwa hiyo hata pahali pa kupokelea mzigo, kama inawezekana, pasiwe nyumbani.

Tuseme ukweli pia: kifaa kizuri kinalipisha makumi ya dola, bila usafiri. Kama akiba yako yote ni dola 100, usinunue. Nunua mifuko ya unga, ama uweke katika AVEC ya avenii yenu.

Na tukitaja AVEC, muangalie sanduku lao. Kufuli tatu, funguo tatu, wamama watatu, na mwenye kutunza sanduku hana funguo hata moja. Kripto inaweza kufanya vile vile: pochi ambayo inadai saini 2 kati ya 3, vifaa vitatu kwa watu watatu. Vikundi vya vijana na mashirika madogo ambayo yanatunza makuta ya michango katika telefone ya mutu mmoja, kwa sababu « yeye ndiye anaelewa », yanapashwa kuacha hiyo desturi mara moja. Mutu huyo akifa, akikamatwa, ao akishikwa na tamaa, kasa imekwisha. Baba wa familia naye vile vile: bibi yako ajue kwamba kuko bahasha na iko wapi, hata kama hajaifungua. Tumechoka kuona wajane wanatafuta karatasi za parcelle. Na kwa parcelle kuko mashahidi, kwa maneno 24 hakuna.

Wale waliofunga mabanki, na wale ambao kuingia kwao kulifanya yafungwe, wote wawili tunawadai yafunguliwe: mwalimu wa Bagira hapashwe kujifunza hesabu za siri za Kiingereza ili alinde mushahara wake. Kwa sasa hatuuzishe kifaa chochote, hatupangie mutu pochi, na hakuna mwanamemba wetu ambaye tumemutuma kufanya hivyo. Akija mutu kwa jina letu kuomba hata neno moja kati ya yale 24, mufunge mulango na muite majirani.