Uti wa mgongo si nguzo, tuache kudanganyana

Haya wasomaji, nimepotea wiki mbili na sababu ninayo. Niliinama kuokota waya wa chaja chini ya meza nikashindwa kuinuka. Nina miaka 28, sijawahi kubeba gunia maishani, kazi yangu ni kuandika programu. Jamaa mmoja ofisini akanicheka: "Si tulikuambia ukae wima?"

Hapo ndipo ninapopinga. Tangu shule ya msingi tunafokewa tukae wima kama mlingoti, ilhali uti wa mgongo wenyewe haujanyooka. Utazame kwa ubavuni: shingoni unaingia ndani, kifuani unatokeza nyuma, kiunoni unaingia tena, na chini kabisa unatokeza tena. Mapindo manne, na ndiyo yanayoufanya unese kama springi unapotembea.

Mtu huanza na pingili 33 hivi. Saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, kisha zile za chini ambazo huungana ukubwani zikawa mifupa miwili tu. Kati ya zile zinazojongea kuna visahani laini, yaani diski. Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitoa usingizini: sehemu ya ndani ya diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake, na mwendo wa mwili husaidia maji kuingia na kutoka. Mchana diski hupoteza maji, usiku huyarudisha. Jipime urefu asubuhi ukiamka, kisha jipime jioni. Utakuta umepungua sentimita moja hivi.

Mbavu nazo hazikusazwa. Ziko jozi 12, zote zimeshikana na zile pingili 12 za kifua. (Wanaume na wanawake idadi ni ile ile, wazee wangu wa kanisani mnisamehe.) Jozi saba hufika moja kwa moja kwenye mfupa wa kidari, tatu hufika kwa kuazima gegedu ya ubavu ulio juu, na mbili za mwisho hazifiki popote mbele. Ni ngome ya moyo na mapafu, lakini ni ngome inayopanda na kushuka kila unapovuta pumzi. Ukijikunja juu ya kibodi saa sita mfululizo, unaibana.

Kwa hiyo kukaa ni sumu? Hapana. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za kiuno akaona kukaa kunazidi kusimama. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walitia kipimo ndani ya diski ya mtu mmoja, wakaona kukaa kwa kujiachilia hakuzidi kusimama. Tena kuinua kilo 20 mgongo ukiwa umepinda kulizidi kusimama zaidi ya mara nne. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, najua. Ila mimi nimeshawishika kwamba ubaya hauko kwenye kiti. Ubaya ni kuganda.

Ndiyo maana nilikasirika mwajiri wangu aliponunua viti vya bei ya kutisha, kisha mwezi ule ule akatubana na tarehe ya kumaliza mradi iliyotufanya tule chakula cha mchana palepale mezani. Kiti kizuri unachokalia saa kumi bila kuinuka ni kitanda cha mgonjwa chenye magurudumu.

(Ukihisi ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo unakataa kutoka, usinisome mimi. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.)

Mimi nimeandika hati ya mistari sita inayofunga kioo cha kompyuta yangu kila dakika 40. Nainuka, nazunguka ngazi, narudi. Juzi ilinifunga katikati ya mkutano na mteja. Bosi ameniomba niiondoe; nimemwambia nitampa nakala yake.